Oili chafu, betri mbovu na chupa za sumu: namna ya kuzihifadhi na kuzitoa nyumbani, gereji na shambani

Maswali ni yale yale kila mara. Oili chafu ya gari nimwage wapi? Betri ya sola imekufa, nimpe mnunuzi wa vyuma chakavu? Chupa ya dawa ya nyanya nikiisugua vizuri, si inaweza kubeba maziwa? Mwongozo huu unajibu hayo kwa mtu wa nyumbani, kwa mwenye gereji ya uani, fundi simu, fundi rangi na mkulima wa ekari mbili tatu. Unafuata hali ilivyo Tanzania na Kenya: gari la taka la mtaani halina sehemu ya vitu hivi. Ukivitia kwenye kiroba cha maganda ya viazi vinaishia dampo la wazi, na dampo la wazi halikosi moto.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote. Madhara mengi huanzia pale mtu anapohamisha kitu kutoka chombo chake cha asili, au anapochanganya viwili vilivyokuwa salama mbalimbali. Mafuta ya taa kwenye chupa ya soda ni kinywaji machoni pa mtoto wa miaka miwili. Kikombe cha petroli ndani ya dumu la oili chafu kinaligeuza dumu zima kuwa kitu cha kuwaka kwa cheche. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kutenga, kuandika na kutunza, hadi apatikane wa kupokea.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Glavu za mpira mzito, zinazofika juu ya kifundo cha mkono. Zile nyembamba za hospitali hulegea na kupasuka zikikutana na oili au tina, yaani kiyeyusho cha rangi.
- Miwani ya kazi iliyoziba pembeni. Miwani ya kusomea haizuii asidi.
- Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga mkavu, na koleo dogo.
- Nusu kilo ya bekingi soda. Isiwe bekingi pauda, maana hiyo imeshachanganywa na asidi ndani yake.
- Madumu yenye vifuniko vya kuskrubu, na beseni pana la plastiki la kuyaweka ndani.
- Kalamu ya maka isiyofutika, teipu ya umeme, mifuko migumu ya plastiki.
- Lita 20 za maji safi karibu, kwa ajili ya macho na ngozi tu. Zisiguswe kwa kazi nyingine.
- Mahali penye kivuli, hewa, sakafu ya saruji na kufuli. Pawe mbali na jiko, na angalau mita 30 kutoka kisimani.

Tafuta pia namba ya afisa afya au afisa mazingira wa kata yako. Kwa Kenya, tafuta ya idara ya mazingira ya kaunti. Mtafute leo, si siku dumu limepasuka.

Hatua kwa hatua

1. Zungukia nyumba au karakana na utenge kwa makundi. Angalia chini ya sinki, stoo, uvunguni, nyuma ya gereji. Kila chenye alama ya fuvu, moto, au mkono unaoliwa na asidi kiweke kando. Makundi yawe haya: oili na filta, petroli, mafuta ya taa na tina, betri za gari na sola, betri za simu na vifaa, dawa za kuua wadudu na magugu, taa za tyubu na za balbu zenye gesi, rangi, dawa za hospitali na sindano. Kundi moja lisikae beseni moja na jingine. Zaidi ya yote, jiki ikae mbali na dawa ya kusafishia choo: hizo zikikutana hutoa gesi ya klorini.

2. Acha kila kitu kwenye chombo chake cha asili. Lebo ndiyo itakayomwambia daktari mtoto amekunywa nini. Chombo kikivuja, kitie chote ndani ya chombo kikubwa zaidi chenye mfuniko. Ikikulazimu kuhamisha, tumia dumu lisilofanana na la chakula, na usilijaze hadi mdomoni: acha nafasi ya vidole vinne, kwa kuwa vimiminika hutanuka juani.

3. Andika. Jina la kilichomo, tarehe, na neno SUMU au KINAWAKA. Andika ubavuni, mfuniko hubadilishwa.

4. Oili chafu. Hapa ndipo kosa kubwa linapofanyika, kwa sababu ni nyingi na kila mtu ana matumizi yake. Gari dogo hutoa kama lita 4 kila linapobadilishwa oili, pikipiki karibu lita 1. Fundi anayehudumia bodaboda tano kwa siku anajaza dumu la lita 20 kila baada ya siku nne. Hiyo ndiyo oili inayokwenda mtaroni.

Mwaga oili injini ikiwa na joto la kustahimilika mkononi, si ya moto. Weka beseni chini, fungua nati, subiri dakika 15 ichuruzike yote. Filta usiitupe hapo hapo: itoboe mgongoni kwa msumari ingali na joto, igeuze tundu chini juu ya beseni, iache saa 12. Utashangaa kiasi kinachotoka. Ikikauka, ipeleke na vyuma chakavu.

Mimina oili kwa faneli kurudi kwenye galoni zake zilezile, au kwenye dumu la oili chafu peke yake. Usiongeze mafuta ya breki, kulanti ya rejeta (maji ya kupozea injini), petroli, wala dawa ya kusafishia breki. Kila kimoja kina dumu lake. Mnunuzi halali akikuta mchanganyiko hulikataa pipa zima, na ana haki. Ukishuku kuna maji ndani, chota kidogo kwenye chupa ya kioo, iandike, iache siku mbili. Maji yatakaa chini na utayaona.

Dumu likae ndani ya beseni linaloweza kubeba chote kilichomo na ziada ya asilimia 10. Kwa pipa la lita 200 maana yake ni kizingiti cha saruji kinachoshika lita 220.

Sasa, kuhusu kupaka oili chafu kwenye mbao ili kuzuia mchwa, kuimwaga barabarani kutuliza vumbi, au kumpaka ng'ombe mwenye kupe: acha. Oili iliyokwisha kutumika ina madini yaliyokwanguliwa kwenye injini na masizi ya mafuta yaliyoungua. Kugusana nayo kwa muda mrefu kunahusishwa na saratani ya ngozi. Mbao ile siku moja itakuwa kuni, na moshi wake utapita juu ya sufuria ya mtu. Mvua ikinyesha, iliyomwagwa barabarani inahamia kisimani. Ipo dawa ya mbao iliyosajiliwa kwa mchwa, nunua hiyo.

5. Betri za gari na sola zenye maji. Ndani yake kuna asidi ya salfa na madini ya risasi kwa wingi, zaidi ya nusu ya uzito wake. Vaa glavu na miwani. Fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, ili spana ikigusa bodi isirushe cheche. Futa vichwa vyote viwili, vifunike kwa teipu. Isimamishe wima ndani ya beseni la plastiki, usirundike nyingine juu, usiweke chuma chochote karibu na vichwa. Kama ganda limepasuka, iweke ndani ya ndoo ya plastiki, si ya bati.

Irudishe kwa aliyekuuzia. Maduka mengi ya betri hupokea ya zamani na kukupunguzia bei ya mpya, maana risasi ni mali. Mnunuzi wa mtaani akikuambia umwage maji ya betri kwanza ili apime risasi tupu, mkatalie. Maji hayo yamebeba risasi iliyoyeyuka, na bekingi soda hutuliza asidi tu; risasi inabaki udongoni. Risasi haiozi. Huingia kwa watoto kupitia vumbi la mikononi na kudhuru ubongo unaokua. Huko Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichokuwa katikati ya makazi kiliwaachia watu sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyeongoza wakazi kupigania haki, alipewa tuzo ya mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamua walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hayo yalitokea kiwandani. Anayeyeyusha betri uani kwake kwa mkaa na sufuria kuukuu hana hata bomba la moshi.

6. Betri za simu, kompyuta na pawabenki. Bandika teipu kwenye sehemu za shaba, kila moja iingie mfuko wake, zikae kwenye debe lenye mchanga mkavu. Iliyofura usiichaji, usiibonyeze, usiitoboe kutoa hewa: ile si hewa, ni gesi inayowaka. Betri ndogo za kitufe, zile za saa na rimoti, zibandike teipu pande zote mbili mara tu zinapotoka, na uziweke juu kabisa asikofika mtoto. Betri za tochi za kawaida ndizo zenye madhara madogo kuliko zote hapa, ila zisitupwe shimo la choo. Shimo lile liko jirani na kisima cha mtu.

7. Chupa za viuatilifu. Suuza mara tatu, na usuuze pale pale unapochanganya dawa, kabla mabaki hayajakauka:

- Acha chupa ichuruzike ndani ya bomba la kupulizia kwa sekunde 30.
- Tia maji robo ya chupa, funga, tikisa sekunde 30, mimina ndani ya bomba hilo hilo.
- Rudia mara mbili zaidi. Kila suuza iende shambani na dawa. Maji hayo yana dawa uliyoilipia.
- Toboa kitako cha chupa kwa msumari mkubwa ili asitokee wa kuiokota na kubebea maziwa. Makopo ya kupuliza yenye gesi usiyatoboe kabisa.

Kuhusu swali la maziwa: hapana, hata ikisuguliwa kwa mchanga na sabuni. Plastiki hunyonya dawa na kuitoa polepole. Chupa zilizotobolewa zikusanye kwenye gunia, umuulize afisa ugani au muuza pembejeo mahali zinapopokelewa. Usizichome. Dawa iliyokwisha muda, hasa yenye mstari mwekundu kwenye lebo, usiimwage wala usiifukie: funga, andika, mpigie afisa ugani.

8. Taa za tyubu na balbu za kuokoa umeme. Zina zebaki, miligramu chache kila moja. Nzima irudi kwenye boksi la mpya uliyonunua. Hilo boksi ndilo kinga yake. Iliyovunjika ina taratibu zake, zimo chini kwenye sehemu ya matatizo. Balbu za LED hazina zebaki. Zihesabu pamoja na vifaa vya umeme vilivyokufa.

9. Rangi na tina. Rangi ya maji iliyobaki kidogo, changanya na mchanga au unga wa mbao, iache wazi kivulini ikauke iwe gumu, kisha kopo liende na taka za kawaida. Rangi ya mafuta na tina hazikaushwi hivyo. Tina chafu iache itulie siku moja: uchafu hukaa chini, ya juu unaichuja na kuitumia tena kuoshea brashi. Matope yanayobaki yafunge kwenye kopo lake. Matambara yenye mafuta ya kupaka mbao usiyarundike pembeni. Hupata joto yenyewe na kuwaka bila kiberiti. Yatandaze nje yakauke, au yaloweke majini kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko.

10. Dawa za hospitali na sindano. Uliza kwanza duka la dawa au kituo cha afya kama wanapokea. Wasipopokea, toa vidonge kwenye pakiti, vichanganye na majivu au majani ya chai yaliyotumika, tia maji kidogo, funga kwenye mfuko. Usivimwage chooni. Sindano za kisukari ziingie kwenye chupa ngumu ya jiki yenye mfuniko. Usirudishe kifuniko cha sindano, hapo ndipo watu hujichoma. Ikifika robo tatu, funga kwa teipu na upeleke kituo cha afya.

11. Kabidhi, na uchukue karatasi. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni za taka hatarishi za mwaka 2021. Kenya ina kanuni za taka za mwaka 2006 na Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Kwa mwenye biashara, la kukumbuka ni hili: mbebaji wa taka hatarishi lazima awe na kibali, na wewe uliyezizalisha huwi huru kwa kuwa tu zimetoka getini kwako. Mwombe kibali, soma kimeandikwa taka gani na kinaisha lini. Andika kwenye daftari tarehe, aina, lita au kilo, namba ya gari. Omba risiti yenye anakozipeleka. Asiyetaka kusema anakozipeleka, usimpe.

Mambo yakiharibika

Oili au mafuta yamemwagika. Zuia kwanza yasifike mtaroni: jenga tuta la mchanga upande wa bondeni, halafu funika yote. Subiri dakika 30 uzoe, urudie. Usitumie sabuni na maji. Sabuni haiondoi oili, inaivunja iwe matone madogo yanayosafiri mbali zaidi. Mchanga uliolowa ni taka hatarishi sasa, utie kwenye mfuko mgumu na uandike.

Asidi ya betri imemwagika sakafuni. Koroga nusu kilo ya bekingi soda kwenye lita 4 za maji, mimina kidogo kidogo kuanzia pembeni kwenda katikati. Itatoa povu. Endelea hadi povu likome, kisha nyonya kwa mchanga, uzoe.

Asidi imeingia jichoni au ngozini. Maji mengi yanayotiririka, dakika 20 kamili ukitazama saa, kope zikiwa wazi. Vua nguo iliyolowa wakati unaosha. Bekingi soda isiguse jicho. Halafu hospitali, hata kama maumivu yamepungua.

Mtoto amekunywa mafuta ya taa au petroli. Usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta ya kula. Akitapika, mafuta yanaingia kwenye mapafu, na huko ndiko yanakoua. Mvue nguo zilizolowa, mpeleke hospitali mara moja, chupa uibebe.

Amemeza betri ya kitufe. Hii haisubiri asubuhi. Ikikwama kooni huunguza nyama ndani ya saa mbili. Kama ana zaidi ya mwaka mmoja, ameimeza ndani ya saa 12 zilizopita na anaweza kumeza, mpe vijiko viwili vya chai vya asali kila dakika 10, visizidi mara sita, mkiwa njiani. Asali isikucheleweshe kutoka. Asile kingine, asitapishwe.

Jiki imekutana na dawa ya choo na kuna harufu kali. Toka, watoe wengine, acha mlango na madirisha wazi. Usirudi kumwaga maji wala kitu kingine hadi harufu iishe. Kifua kikibana au kikohozi kikiendelea, nenda hospitali. Dalili nyingine hujitokeza baada ya saa kadhaa.

Taa ya tyubu imevunjika. Watu na wanyama watoke, fungua madirisha, zima feni, subiri dakika 15. Usifagie kwa ufagio, unatawanya zebaki. Vaa glavu, kusanya vipande kwa kadi mbili ngumu, vumbi linase kwa teipu, mwisho futa kwa karatasi iliyoloweshwa. Vyote, pamoja na kadi na karatasi, viingie chupa ya kioo yenye mfuniko. Kipimajoto cha zebaki kikipasuka fanya vivyo hivyo, ila chembe zifuate kwa tochi uliyoilaza karibu na sakafu: zitang'aa. Zivute kwa bomba la sindano lisilo na ncha.

Betri ya simu au pawabenki inatoa moshi. Chomoa chaja kama mkono unafika salama, sogea mbali, usivute moshi ule. Betri ndogo hupozwa kwa maji mengi ikiwa haijaunganishwa na umeme wa ukutani. Mchanga huzuia moto usisambae ila hauipozi, hivyo inaweza kuwaka tena. Moto ukikushinda: Tanzania piga 114, Kenya 999 au 112.

Hakuna mpokeaji wilayani kwetu. Hali hii ni ya wengi. Ungana na gereji au wakulima jirani, mchague stoo moja iliyotimiza masharti ya mwanzo na mtu mmoja wa kushika ufunguo na daftari. Mbebaji mwenye kibali hatasafiri kilomita 80 kwa dumu moja, lakini kwa mapipa matano anafikirika. Muuzaji wa oili au betri wa jumla anayeleta mzigo kila mwezi gari lake linarudi tupu. Mwulize kama kampuni yake hupokea zilizotumika na kama gari lina kibali cha kuzibeba. Wakati mnangoja, kagueni stoo kila mwezi: dumu lililofura, lililopauka kwa jua au lenye unyevu kwenye mshono liingizwe ndani ya jingine kubwa siku hiyo hiyo.